Ukurasa wa Arobaini na Saba

Saa mbili asubuhi, Kisumu,
ghorofa ya tatu juu ya duka la vipuri,
nafungua kompyuta kabla sijafungua dirisha.
Wasomaji wamekwenda kazini, nyayo zao zimebaki:
nani alifika wapi, nani aliishia wapi,
kidole cha nani kilisita juu ya neno *dodoki*
kisha kikaligonga, kuuliza maana.

Mia mbili na kumi na wawili waliligonga.
Tukaliwekea maelezo pembeni, kwa herufi ndogo,
na hapo sina ubishi: takwimu zilisema kweli.
Zilisema kweli pia juu ya sura ya saba,
tuliyoidhania butu,
tukamsema mwandishi wiki nzima,
kumbe watu huifikia tarehe ishirini na tisa
bando likiwa limekwisha.
Tulizipunguzia picha uzito. Sasa sura inashuka
kama uji uliopoa.

Lakini ukurasa wa arobaini na saba.

Hapo mchoro unaporomoka kama mteremko wa Riat.
Wanaoingia ni mia, wanaovuka ni sitini.
Na hakuna kisa pale. Mama anaosha sufuria za matanga
wageni wakishaondoka. Basi.
Sufuria ya kwanza, jivu, maji, ya pili,
maji, ya tatu, mbwa anapita, ya nne.
Adhola, bosi wangu, kijana wa haraka,
aliuzungushia duara jekundu:
"Kata. Hapa ndipo tunapovuja."

Nikampigia Mwalimu Lumadede, Chavakali.
Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.
Kisha: "Ziko ngapi?"
Kurasa?
"Sufuria. Umezihesabu?"
Sikuwa nimezihesabu.
Nilikuwa nimehesabu walioondoka.

Usiku nikarudi kwenye faili
kutafuta waliokaa.
Kifaa kimoja, namba isiyo na jina, mnara wa Ahero.
Kila siku, saa nne kasorobo usiku,
ukurasa wa arobaini na saba, dakika ishirini na tatu.
Haendi mbele. Harudi nyuma.
Siku kumi na tisa.
Mashine imempa alama ya njano: *msomaji aliyekwama*.

Nilimkisia kwa kila njia ya kazi yangu.
Labda amesinzia, kifaa kifuani.
Labda stima imepotea, na ukurasa ule una weupe mwingi,
anautumia kama taa kuchambua omena.
Labda anamsomea mtu, mstari mmoja mara tatu.
Labda naye ana sufuria zake.
Mashine inajua kidole kiko wapi.
Haijui mkono wa pili umeshika nini.

Namba yake ya malipo ninayo.
Kubonyeza mara mbili, ningepata jina,
pengine na jina la baba.
Kidole changu kikasita, kama vyao,
na sikuwa na neno la kuuliza maana.
Nikafunga. Mtu akikaa na lake
hachunguliwi kwa tundu la risiti.

Siku ya ishirini: dakika ishirini na tatu.
Ya ishirini na moja: kumi na nne.
Ya ishirini na mbili hakufungua kabisa,
nami nikala chakula cha mchana bila kukisikia.
Ya ishirini na tatu: dakika nne,
halafu arobaini na nane,
arobaini na tisa,
hamsini,
mbio, kama mtu aliyekumbuka kwamba mlango haukufungwa.

Ijumaa ripoti ilitakiwa.
Penye *Hatua* niliandika: ubaki.
Penye *Sababu* niliandika: sufuria kumi na moja.
Adhola alisoma, akakunja uso, akatazama saa,
akapitisha.

Ukurasa bado unavuja.
Wiki hii wametoka thelathini na wanane.